Manute Bol, Mwana wa Turalei

Manute Bol alicheza mechi 624 katika ligi ya NBA. Alizuia mitupo 2,086 ya wapinzani, na pointi alizofunga mwenyewe ni 1,599. Hesabu ya namna hiyo, ya mtu aliyecheza kwa miaka mingi akastaafu amezuia zaidi ya alivyofunga, ni yake peke yake katika ligi ile. Wenzake walilipwa kwa kutia mpira kikapuni. Yeye alilipwa kwa kuuzuia usiingie. Kazi hiyo ilimpatia mamilioni ya dola, na sehemu kubwa haikukaa mfukoni mwake. Ilivuka bahari ikaenda Sudan, kwa ndugu, kwa wakimbizi na kwenye vita.

Wengi wanaomkumbuka hukumbuka mwili wake: mita 2.31 kutoka kisigino hadi utosi. Mimi naamini kwamba Bol alijua mapema, kuliko wote waliokuja kumtazama, kwamba macho yao yana bei. Bei hiyo aliitoza, na akaamua mwenyewe fedha ziende wapi.

Alizaliwa Turalei, kijiji cha Wadinka katika Bahr el Ghazal, kusini mwa Sudan ya wakati ule. Kumbukumbu za ligi zinasema 16 Oktoba 1962, lakini hiyo ni tarehe ya makaratasi. Kevin Mackey, mmoja wa makocha waliompokea Marekani, alisema miaka kadhaa baada ya kifo cha Bol kwamba yeye ndiye aliyempangia siku hiyo, kwa sababu hapakuwa na aliyejua umri wake kwa hakika. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Wazee wetu wangapi walizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa, kisha karani wa serikali akawaandikia tarehe 1 Januari?

Urefu wake haukuwa maradhi. Gheorghe Mureșan wa Rumania, anayehesabiwa sawa na Bol kwa urefu katika historia ya NBA, alirefuka kwa sababu ya tatizo la tezi. Bol aliurithi. Mwenyewe alisimulia kwamba baba yake alikuwa na kiasi cha mita 2.03, mama yake mita 2.08, na babu mmoja wa ukoo aliwapita wote. Miongoni mwa Wadinka mtu mrefu hageuzwi kioja. Ng'ombe ndio kipimo cha mtu: ndio mahari, ndio fidia, ndio nyimbo za vijana. Bol alichunga ng'ombe wa baba yake kama wenzake, aling'olewa meno ya chini na kuchanjwa chale za paji la uso kama wenzake. Kisa kilichopendwa mno na waandishi wa Marekani ni kile cha simba aliyemuua kwa mkuki alipokuwa kijana machungani. Walikiandika kana kwamba ni ngano. Bol alipokisimulia hakuacha kutaja kwamba simba yule alikuwa amelala, na kwamba alikuwa amekwisha kula ng'ombe wao. Kwa mchungaji, hilo la pili ndilo lenye uzito.

Alianza na soka, akaacha kwa sababu ya urefu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndugu zake walimshawishi ajaribu mpira wa kikapu, kwanza mjini Wau, baadaye Khartoum. Siku za mwanzo aliruka kuutia mpira kwa mkono, meno yake yakanasa kwenye wavu, na baadhi yakang'oka. Khartoum ilimfundisha mchezo, ikamfundisha pia maana ya kuwa mtu wa kusini katika mji ule: kudharauliwa mitaani, kuitwa majina. Hata hivyo alichezea klabu, kisha timu ya taifa, na hapo ndipo Don Feeley alipomkuta. Feeley, aliyewahi kuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Fairleigh Dickinson huko New Jersey, alikwenda Sudan mwaka 1982 kuwafundisha wachezaji wa nchi hiyo. Akamwona kijana anayegusa rimu bila kunyanyua visigino. Akamwambia twende Marekani.

Mwaka 1983 timu ya San Diego Clippers ilimchagua katika raundi ya tano, akiwa wa 97, lakini NBA ikaufuta uchaguzi huo kwa kuwa taratibu hazikufuatwa. Inasimuliwa kwamba pasipoti yake ilionyesha urefu wa futi 5 na inchi 2, yaani mita 1.57 hivi, kwa sababu ofisa alimpima akiwa ameketi. Mackey alitaka acheze Chuo Kikuu cha Cleveland State. Bol hakuwa na Kiingereza cha kumwezesha kusoma pale. Alikaa Cleveland akijifunza lugha bila kuichezea timu hata mechi moja, na chuo kikaja kuadhibiwa kwa msaada kiliompa.

Wakati huohuo nyumbani mambo yaliharibika. Mei 1983 askari wa kusini waliasi katika mji wa Bor. John Garang, ofisa wa jeshi aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliongoza kuundwa kwa jeshi la waasi la SPLA, na Septemba Rais Nimeiri akatangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima. Vita vilivyoanza hapo vilidumu miaka 22. Bahr el Ghazal iliumia kuliko sehemu nyingi: wanamgambo wapanda farasi kutoka Kordofan na Darfur waliteremka kuchoma vijiji, kuswaga ng'ombe, kuteka wanawake na watoto. Njaa kubwa ya mwaka 1988 ilifuata nyayo za mashambulizi hayo. Kijana aliyeondoka kwenda kujaribu bahati yake alijikuta ng'ambo, mlango wa kwao umefungwa nyuma yake.

Mwaka 1984 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bridgeport, Connecticut, kinachocheza daraja la pili la michezo ya vyuo. Ukumbi uliozoea viti vitupu ukawa hauna nafasi. Kwa msimu huo mmoja alipata wastani wa pointi 22.5, ribaundi 13.5 na mitupo 7.1 aliyoizuia kwa kila mechi. Angeweza kubaki chuoni. Aliondoka kwa sababu alitaka fedha za kumtoa dada yake Sudan, na fedha hizo zilikuwa kwenye mchezo wa kulipwa. Naliona jambo hili kuwa mwanzo wa kila kilichofuata: uamuzi wake wa kwanza kama mchezaji wa kulipwa ulikuwa wa kifamilia. Baada ya muda mfupi katika ligi ndogo na timu ya Rhode Island Gulls, Washington Bullets walimchagua mwaka 1985, akiwa wa 31.

Tumtazame sasa anavyocheza, maana ubora wake umefunikwa na picha za kuchekesha. Rimu ya kikapu iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Mikono ya Bol ikinyooshwa pande zote mbili ilifika kiasi cha mita 2.59, na mkono mmoja ukiinuliwa juu ulipita rimu. Mchezaji wa kawaida anayezuia mitupo hutegemea kuruka na kukisia. Akikosea sekunde, mpinzani humpita au hugongwa na madhambi yanaandikwa. Bol hakuhitaji kuruka sana. Alisimama karibu na kikapu, akasubiri mpira uondoke mkononi mwa mtu, kisha akaufuata. Zaidi ya mitupo aliyoigusa kulikuwa na ile ambayo haikutupwa kabisa, kwa sababu mchezaji alifika pale, akamwona, akarudi na mpira nje. Hiyo haiandikwi katika takwimu, lakini makocha waliilipia.

Udhaifu wake ulikuwa wazi pia. Alikuwa mwembamba mno, na wachezaji wenye misuli walimsukuma kutoka mahali pake. Mikono yake haikuwa mizuri kudaka pasi za kasi. Kwenye kushambulia alikuwa mzigo. Hata hivyo msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, karibu mitano kwa kila mechi; hadi wakati huo ni Mark Eaton wa Utah Jazz peke yake aliyewahi kupita idadi hiyo kwa msimu. Mara mbili alizuia mitupo 15 katika mechi moja, dhidi ya Atlanta Hawks Januari 1986 na dhidi ya Indiana Pacers Februari 1987.

Msimu wa 1987–88 Bullets walimleta Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60, aliyekuwa mfupi kuliko wote ligini. Wapiga picha hawakulala. Kila gazeti lilitaka picha ya wawili hao wamesimama bega kwa goti, na timu ilijua kwamba picha hiyo inauza tiketi. Bogues angekuja kuthibitisha kwa miaka 14 ya ligi kwamba hakuwa pambo, na Bol alikuwa amekwisha kuthibitisha. Mashabiki wengi walibaki na picha tu.

Golden State Warriors, timu yake iliyofuata, ndiko alikopata raha ya mchezo. Kocha Don Nelson alipenda kujaribu mambo ambayo wengine waliyaona wazimu. Alifikiri hivi: Bol akisimama mbali, nje ya mstari wa pointi tatu, yule mtu mkubwa wa upande wa pili atalazimika kumfuata huko na kuacha kikapu wazi. Basi akamruhusu atupe. Msimu wa 1988–89 Bol alitupa mara 91 kutoka mbali, akiupeleka mpira kutoka nyuma ya kichwa kama mtu anayerusha jiwe, na 20 ikaingia. Si idadi nzuri, lakini uwanja mzima ulisimama kila alipoinua mikono. Msimu huohuo aliongoza ligi kwa kuzuia mitupo. Leo, watu wenye urefu wa mita 2.20 wanapotupa kutoka mbali na hakuna anayeshangaa, inafaa kukumbuka nani alifanya hivyo wakati kila mtu akicheka.

Tarehe 3 Machi 1993, akiwa na Philadelphia 76ers, alicheza dhidi ya Phoenix Suns ya Charles Barkley. Barkley alikuwa amecheza naye Philadelphia na alimpenda; alikuja kusema kwamba dunia ya watu kama Bol ndiyo dunia ambayo yeye angetaka kuishi. Katika kipindi cha pili cha mechi hiyo Bol alitupa mara 12 kutoka mbali na kutia sita. Nimeitazama video yake, na furaha ya mashabiki wa Phoenix, wanaomshangilia mchezaji wa wageni, haina dhihaka yoyote ndani yake.

Kisha magoti na maungo yakamshinda. Baridi yabisi ilikuwa ikimtafuna. Alipita Miami, akarudi Washington kwa muda mfupi, akawa karibu na Mureșan, kijana mpya. Akarudi Golden State, na Novemba 1994 goti lilimtoa katika ligi moja kwa moja. Alijaribu ligi ndogo, Italia, Qatar. Haikudumu.

Inakadiriwa alichuma dola milioni 6 hivi kwa kazi yake yote ya NBA, na kwamba zaidi ya nusu, kiasi cha dola milioni 3.5, ilikwenda kwa harakati za watu wa kusini na wakimbizi wao. Alikuwa kama mti mmoja uliobaki uwandani wakati wa jua kali: kila msafiri alikuja kukaa chini yake. Ndugu walimpigia simu, wanafunzi wa Kisudani waliokwama Marekani walikula kwake, wajumbe wa SPLA walihitaji nauli. Alizitembelea kambi za wakimbizi, akaona wavulana waliokimbia vijiji kama chake. Alikwenda Washington kuwaeleza wanasiasa habari za vita ambavyo wengi wao hawakuvijua. Mwenyewe alisema kwamba vita viliwaua watu wapatao 250 wa ukoo wake mpana.

Wapo waliomlaumu kwa kutojiwekea akiba. Sikubaliani nao. Mtu ambaye kijiji chake kinaungua, naye ana kisima, atapimaje ndoo za kutoa na za kubakiza? Lakini sitaficha upande wa pili: sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwa jeshi, na SPLA ya miaka ya 1990 iligawanyika, makamanda wakauana, na raia wa kusini wakafa kwa mikono ya watu wa kusini. Aliyetoa kwa moyo safi hakuwa na uwezo wa kuifuata kila dola hadi ilikoishia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudi Khartoum. Serikali ilikuwa imetia saini mkataba na baadhi ya makundi ya kusini mwaka 1997, na Bol alitumaini kwamba huo ungekuwa mlango wa amani. Aliahidiwa uwaziri wa michezo. Baadaye akaambiwa sharti lake ni kusilimu. Alikataa. Kuanzia hapo maisha yake yakawa magumu: alituhumiwa kuwaunga mkono waasi, akanyimwa ruhusa ya kutoka nchini. Mtu aliyejaza kumbi za Marekani aliishi nyumba ya kupanga, akiuza vyombo vya ndani ili familia ile, vidole vimevimba kwa baridi yabisi. Mwaka 2001 marafiki wa Connecticut, akiwemo Seneta Joseph Lieberman, walisaidia akapata njia ya kufika Cairo. Na baada ya miezi ya kusubiri huko, Marekani ikampokea kama mkimbizi.

Mwaka 2002 alipanda ulingoni katika kipindi cha televisheni ya Fox cha ndondi za watu maarufu. Mpinzani wake alikuwa William Perry, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, mtu mnene wa zaidi ya kilo 130. Bol alishinda. Mwaka huohuo alisajiliwa kwa siku moja na timu ya magongo ya barafuni ya Indianapolis, ingawa hakujua kuteleza, na baadaye akavishwa mavazi ya mpanda farasi wa mashindano. Waandishi wengi waliona aibu kwa niaba yake. Yeye alikubali pambano lile kwa sharti kwamba televisheni ionyeshe namba ya simu ya mfuko wake wa kuwasaidia watoto wa Sudan. Walitaka kumtazama, basi watazame, na walipe. Hakuna heshima iliyopungua hapo. Wenye kuona aibu walipaswa kuwa wale ambao vita vya kusini havikuwa habari kwao hadi jitu lirushe ngumi.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda Connecticut, ikiendeshwa na dereva mlevi, ilipata ajali akatupwa nje na kuvunjika shingo. Alipona kwa shida, akahamia Olathe, Kansas. Januari 2005 mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi baada ya mazungumzo marefu ya Machakos na Naivasha, na watu wa kusini wakaahidiwa kura ya kuamua hatima yao. Bol, akitembea kwa taabu, akaanza kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko mitupo yote: kujenga shule Turalei, kwa kushirikiana na shirika la Sudan Sunrise. Shule yenyewe ilikuwa ya watoto wa dini zote. Na Waislamu wa Darfur, ambao nao sasa walikuwa wakichomewa vijiji na serikali ya Khartoum, walialikwa kushiriki katika ujenzi huo wa upatanisho. Kumbuka wapanda farasi wa miaka ya 1980 walikotoka. Bol alikumbuka, na aliwafungulia mlango akiwa na kumbukumbu hiyo.

Mwanzoni mwa 2010 alikuwa Turalei kwa ajili ya shule. Kiongozi wa kusini, Salva Kiir, alimwomba abaki hadi uchaguzi wa Aprili, kwa kuwa neno la Bol lilisikilizwa na lingesaidia kupunguza hila katika kura. Akabaki, figo zikiwa tayari zinamsumbua. Dawa aliyopewa barani humu ilimletea ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao hubabua ngozi na utando wa kinywa hata mtu asiweze kula. Alifariki 19 Juni 2010 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville. Aliombewa katika Kanisa Kuu la Taifa la Washington, kisha akarudishwa Turalei akazikwa. Miezi saba baadaye karibu watu 99 katika kila 100 wa kusini walipiga kura ya kujitenga, na 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi. Nchi hiyo ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe Desemba 2013.

Bol aliacha watoto kumi. Mmoja, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum katika ile miaka ya dhiki, amefika NBA. Lakini urithi wa mchezo wake ulipita pia kwa mtu asiye wa damu yake. Familia ya Luol Deng, Wadinka kutoka Wau, ilikimbilia Misri, na huko Bol alimfundisha kaka yake mkubwa, Ajou, misingi ya mpira wa kikapu na kumlea Luol kimchezo. Luol alikulia London, akacheza NBA miaka 15, kisha akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Mwaka 2023 timu ya nchi hiyo ilikuwa bora ya Afrika kwenye Kombe la Dunia na ikafuzu Olimpiki. Kwenye Olimpiki ya Paris, Julai 2024, kabla ya mechi yao ya kwanza, waandaaji walipiga kimakosa wimbo wa taifa wa Sudan. Wachezaji walisimama mikono vifuani hadi wimbo wao ulipopatikana, wakaifunga Puerto Rico 90–79. Kikosini alikuwepo Khaman Maluach, kijana wa mita 2.18 aliyekulia ukimbizini Uganda na ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa wa kumi kuingia NBA. Timu yao ilianzishwa katika nchi ambayo haikuwa na ukumbi wa ndani wa kuchezea, na katika miaka ya mwanzo nauli za ndege, hoteli na viwanja vya kukodi Deng alivilipia kwa fedha zake mwenyewe.